Sabufa Inavuma Hata Bila Muziki: Namna ya Kuusaka Mvumo Mpaka Uupate

Televisheni imezimwa sauti, watoto wamelala, na kule kwenye kona sabufa inaendelea peke yake: vuuuuuu. Wengi hufanya nilichofanya mimi mara ya kwanza, wanaibeba kwa fundi. Yangu ilikaa huko siku 4. Nikaambiwa kapasita, vile vikopo vya kutunza chaji ndani yake, zimechoka, zikabadilishwa, nikalipa. Nikairudisha nyumbani, nikachomeka nyaya zangu zote kama zilivyokuwa, nikabonyeza swichi. Vuuuuuu. Kwa fundi ilikuwa imetulia tuli kwa sababu kwa fundi hakukuwa na dishi.

Tangu siku hiyo bisibisi naishika mwisho kabisa. Mvumo mara nyingi haumo ndani ya chombo, umo kati ya chombo na chombo, kwenye zile nyaya tunazoziona ni za kupitisha sauti tu. Kuutafuta hakuhitaji utaalamu mkubwa ila subira, karatasi ya kuandikia, na simu. Multimita, yaani kipima umeme, ikiwepo, vizuri zaidi.

Kwanza sikiliza

Kelele za spika si za aina moja, na kila aina inakuelekeza kwake.

Ukisikia shhhhh nyepesi kama upepo kwenye majani, tena mpaka usogeze sikio kwenye spika, huo ni uhai wa amplifaya yoyote. Achana nao. Mikwaruzo inayokuja na kuondoka ukitikisa waya au ukizungusha volyumu ni mgusano mbaya: pini iliyolegea, volyumu iliyojaa vumbi. Ile di-di-dit, di-di-dit inayotangulia simu kuita ni simu yenyewe iliyolazwa juu ya sabufa, ihamishe, umemaliza.

Kazi iko kwenye sauti mbili zinazobaki. Moja ni mvumo mzito, wa chini, laini, unaousikia kifuani kuliko masikioni. Nyingine ni kali zaidi, ina makwaruzo kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Umeme wetu, Tanzania, Kenya hata Uganda, huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Mvumo laini mara nyingi ni huo huo umeme wa ukutani ulioingia kwenye njia ya sauti. Ndani ya sabufa yenye transfoma, daiodi nne hugeuza umeme huo uende upande mmoja, na mawimbi yanayotoka hapo huwa 100 kwa sekunde. Kwa hiyo mlio wa hezi 100 wenye ukali unanifanya nishuku sehemu ya kugeuza umeme ndani ya boksi, na ule wa 50 unanifanya nishuku nyaya na majirani zake. Si sheria ya chuma, maana chaja za kisasa nazo huleta mlio wa nyuki kupitia nyaya, lakini ni pa kuanzia. Ukitazama video za Wamarekani utawasikia wakitaja 60 na 120. Umeme wao ndivyo ulivyo, wasikuchanganye.

Utajuaje ni 50 au 100? Pakua programu ya simu inayopiga toni, unganisha simu na sabufa kwa Bluetooth, piga 50 kisha 100, ulinganishe na ule mvumo. Usijaribu kwa spika ya simu yenyewe, ni ndogo mno, hezi 50 haiwezi kuitoa.

Jambo jingine la kuhakikisha: je, sauti inatoka kwenye spika, au kwenye boksi? Zima umeme, chomoa nyaya za spika, washa tena. Kama boksi bado linanguruma, ni mabati ya transfoma yanayotikisika. Kaza skrubu zake au weka kipande cha mpira chini yake. Nyaya za sauti hazihusiki hapo.

Kisha chomoa, moja moja

Kabla ya kugusa pini yoyote shusha volyumu mpaka sifuri. Pini ya RCA, ile ya duara ya kuingizia sauti, imetengenezwa hivi kwamba ncha ya kati hugusa kabla ya duara la nje, na katika huo mwanya wa nusu sekunde spika hupiga kishindo kinachoweza kuichana.

Volyumu ikiwa sifuri, sikiliza. Mvumo umebaki vilevile? Basi unaingia baada ya volyumu, yaani kwenye amplifaya au umeme wake wa ndani. Umetoweka, na unarudi kadiri unavyozungusha? Basi unaingia kabla, pamoja na muziki. Kuna na wa tatu: mvumo unaobadilika ukigusa kitufe cha volyumu kwa kidole. Huo ni waya wa nje wa volyumu uliokatika au lehemu iliyopasuka, na hapo fundi anapata kazi ya dakika 10.

Sasa chomoa kila waya unaoingiza sauti, ubaki na umeme na spika tu. Ukimya ukiingia, sabufa yako ni nzima na usimpe mtu yeyote hela ya kapasita. Kama bado inavuma kidogo, usihukumu haraka, kwa sababu tundu lililo wazi linaweza kunasa umeme wa hewani kama antena. Chukua pini ya RCA kutoka waya uliokufa, unganisha ncha ya kati na duara la nje kwa kipande cha waya, uichomeke kwenye tundu. Tundu limezibwa. Mvumo ukiendelea hata hapo, ruka mpaka sehemu ya mwisho ya maelezo haya.

Kama kumetulia, anza kurudisha. Hapa ndipo watu wengi hukosea: wanachomeka waya upande wa sabufa, upande wa pili unaning'inia, sabufa inavuma, wanasema waya mbovu. Waya unaoning'inia lazima uvume. Uchomeke kwenye simu isiyokuwa kwenye chaji. Simu yenye betri haigusani na ukuta wala paa, ndicho kipimo safi kuliko vyote. Kimya? Waya mzima. Sasa chomeka chaja ya simu ukutani huku ukisikiliza. Kama mvumo umeingia muda huo huo, umeshapata kitu cha kuandika kwenye karatasi. Fanya hivyo hivyo kwa laptop, kwanza kwa betri, halafu na chaja.

Televisheni iache mwisho. Iunganishe na sabufa ikiwa haina HDMI wala antena, ni waya wake wa umeme tu. Halafu HDMI ya king'amuzi. Halafu, ukiwa umezima king'amuzi kwenye umeme, fungia waya wa dishi nyuma yake, uwashe. Kwangu mimi hatua zote zilipita kimya hadi niliposokota ile nati ya waya wa dishi. Haikufika hata mzunguko mmoja, mvumo ukarudi.

Tahadhari moja kabla ya kuushika waya huo. Unatoka juani, umegusana na mlingoti, pengine na mabati. Nyaya za umeme zilizochakaa darini huwa zinagusa mabati hayo hayo. Kama una multimita, pima kati ya bati la nje la waya wa dishi na mguu wa athi wa soketi, yaani ule unaokwenda ardhini. Volti chache si ajabu. Ukikuta volti za ukutani, weka chini kila kitu, zima swichi kubwa, umwite fundi umeme siku hiyo hiyo, na sabufa isubiri.

Duara la athi

Waya wa sauti una njia mbili. Waya wa kati unabeba muziki, na ule uliosukwa nje unaurudisha, huku ukiukinga wa kati. Mambo yako sawa mradi vyombo viwili vinakutana kwa waya huo peke yake. Lakini sabufa yangu ina plagi ya miguu mitatu, bati lake la nyuma limeungwa na athi ya nyumba, fimbo ya shaba iliyozikwa karibu na mita. Na dishi langu lina mlingoti uliopigiliwa kwenye ukuta na kugusa ardhi upande wa pili wa nyumba. Ardhi hizo mbili hazina volti sawa. Tofauti ni ndogo, ingawa huongezeka kiangazi mchanga unapokauka, na umeme ukiiona tofauti hutafuta njia: kutoka dishi, kwenye waya wake, king'amuzi, HDMI, televisheni, waya wa sauti, sabufa, athi, udongo, na kurudi kwenye dishi. Duara limekamilika, na kipande kimoja cha duara hilo ndicho waya wako wa muziki.

Hauhitajiki umeme mwingi. Sauti inayotoka kwenye televisheni kwenda sabufa ni kama milivolti 300. Ule mkondo ukiacha milivolti 3 tu kwenye waya wa nje, hiyo ni sehemu moja kwa mia ya muziki, na filamu ikifika kwenye ukimya unaisikia sebule nzima.

Sura ya pili ya tatizo hili ni nyumba ambazo soketi zina matundu matatu lakini tundu la juu halina kitu nyuma yake. Ni nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Chaja za laptop na vyombo vya namna hiyo huvujisha umeme kidogo sana kwa makusudi, kupitia kapasita ndogo za kuzuia kelele. Umeme huo ukikosa athi hubaki kwenye bati la chombo. Ndio ule unaouhisi kama wadudu wanatembea ukipitisha kiganja juu ya laptop ya bati iliyo kwenye chaji. Ukiunga waya wa sauti, umeupatia njia ya kutokea.

Kupima soketi si vigumu ikiwa umezoea multimita na mikono yako mikavu. Kati ya laini (tundu lenye umeme) na nyutro (tundu la kuurudisha) utapata karibu volti 230. Kati ya laini na athi utegemee karibu hiyo hiyo. Kati ya nyutro na athi, volti chache. Ukipata laini na athi inasoma namba ya ajabu, tuseme 70 au 110 inayochezacheza, tundu hilo halina athi. Kama multimita huijui, zipo plagi ndogo za kupimia zenye taa tatu, unachomeka na kusoma rangi.

Dawa zake, kwa mpangilio ninaoufuata mimi

Ya kwanza haina gharama: chomeka vyombo vyote, televisheni, king'amuzi, sabufa, chaja, kwenye ekstensheni moja nzuri iliyo kwenye soketi moja. Duara linakuwa fupi na mvumo hupungua au huisha. Msihofu mzigo. Fyuzi ya ampea 13 inabeba karibu wati 3,000, na sebule nzima ya muziki haifiki hata robo yake, ilimradi pasi na birika la umeme visijiunge na sherehe.

Ya pili nayo ni bure. Chombo chenye plagi ya miguu miwili, kama kimechomekwa kwenye adapta, kigeuze, mguu wa kushoto uwe kulia. Wakati mwingine mvumo unashuka nusu kwa sababu uvujaji ndani ya transfoma haulingani pande zote. Na tafadhali tumia adapta. Ule mtindo wa kusukuma kalamu ya biki kwenye tundu la juu ili miguu miwili iingie unaacha plagi imeshika kwa shida, inatoa cheche, na cheche ni mikwaruzo kwenye spika kabla haijawa moto kwenye ukuta.

Ya tatu ni kuondoa kabisa waya wa shaba kati ya televisheni na sabufa. Bluetooth inafanya hivyo, ingawa midomo ya waigizaji inaweza kuachana na maneno yao kidogo. Bora zaidi ni waya wa mwanga, ule mwembamba unaotoa nuru nyekundu kwenye ncha, ambao Toshiba waliuleta mwaka 1983 na televisheni nyingi bado zina tundu lake. Mwanga haupitishi umeme, basi duara limekatika. Sabufa nyingi za bei ya kawaida hazina tundu hilo, lakini kuna kiboksi kidogo cha kugeuza mwanga kuwa sauti ya RCA. Ukikifunga na usisikie kitu, au ukasikia kelele kama mvua, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni uchague PCM, yaani sauti ya kidijitali isiyobanwa. Nasema hili kwa sababu nilikaribia kukirudisha dukani.

Ya nne ni kitenganishi, kiboksi chenye transfoma mbili ndogo mno kinachokaa katikati ya waya wa sauti. Muziki unavuka kwa sumaku, waya haugusani na waya. Kwa simu au laptop iliyo kwenye chaji hakina mpinzani. Vile vya bei ya chini kabisa hupunguza besi, na mwenye sabufa ataliona hilo siku ya kwanza.

Ya tano ni vitenganishi vya kuweka kwenye waya wa antena. Hivi ni vya antena ya kawaida ya juu ya nyumba isiyotumia umeme. Usikifunge kwenye waya wa dishi. King'amuzi hupeleka volti 13 au 18 kwenye LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi, kupitia waya huo huo, na kitenganishi huzizuia, kwa hiyo utapata ukimya mzuri sana na picha hakuna. Kwa dishi, dawa ya upande wa waya ni kumwita fundi umeme aunge ngao ya waya (ile iliyosukwa nje) na athi ya nyumba pale unapoingilia, kabla haujafika kwenye king'amuzi.

Kuna dawa ya sita ambayo utaambiwa mtaani, pengine na mtu unayemheshimu: "Kaka, kata huo mguu wa athi, itanyamaza." Ni kweli, itanyamaza. Siku waya wa laini utakapokatika ndani na kugusa bati, fyuzi haitakatika, maana hakuna pa kupeleka umeme. Bati litakaa na volti 230 likimsubiri mtoto aje kuchomeka flashi ya nyimbo. Au athi ya sebule nzima itapita kwenye ule waya mwembamba wa sauti, ambao haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Usikate, wala usivunje. Kama umenunua sabufa kwa mtu na ukakuta mguu umeshakatwa, badilisha plagi kabla hujaiwasha.

Nyaya na majirani zake

Waya wa bei chee huvuma kwa sababu ngao yake ni nyuzi chache zilizolegea, au imekatika pale kwenye shingo ya pini ambapo kila mtu huvuta. Ngao ikikatika, mvumo huwa mkubwa ghafla, na muziki hubaki mwembamba nyuma yake. Kunjakunja shingo za waya ukisikiliza, utapata.

Usipitishe waya wa sauti sambamba na wa umeme kwa urefu wote wa kabati, wala usiviringishe ziada yake juu ya ekstensheni. Ikibidi zikutane, zikatane kama herufi X. Adapta nzito zenye transfoma zisikae karibu na tundu za kuingizia sauti. Hata sentimita 30 huleta tofauti.

Mvumo unaokuja saa fulani na kuondoka una chanzo chumba kingine. Zima breka moja moja huku mtu mmoja akisikiliza. Nimewahi kuikuta ni swichi ya kupunguzia kasi ya feni. Na wanaotumia sola na inveta ya bei nafuu, ile isiyotoa wimbi laini, mlio wa nyuki ni sehemu ya mkataba. Ila sabufa nyingi za sokoni kwetu zina tundu la volti 12 nyuma: ilishe moja kwa moja kutoka kwenye betri, nyekundu kwa chanya, na inveta ipumzike.

Mvumo ukiwa ndani kweli

Tundu hilo la volti 12 ndilo kipimo kizuri kuliko vyote kwa sabufa inayovuma hata tundu zikiwa zimezibwa. Ilishe kwa betri. Ikinyamaza, amplifaya ni nzima na ubovu uko kati ya transfoma, daiodi na kapasita kubwa. Ikiendelea, ubovu uko mbele zaidi, mara nyingi lehemu iliyopasuka kwenye volyumu.

Kama hujawahi kulehemu, ishia hapa na umpelekee fundi pamoja na karatasi yako. Fundi mzuri akisoma "inavuma tundu zikiwa zimezibwa, volyumu sifuri, kwa betri haivumi," kazi ataimaliza jioni hiyo.

Kama unalehemu: chomoa umeme, fungua, utazame kapasita kubwa zilizo karibu na daiodi. Kichwa kilichovimba au uji wa kahawia chini yake ni ushahidi wa kutosha. Kapasita kavu inaweza kuonekana nzima, kwa hiyo mlio wa hezi 100 ukiwepo nazibadilisha bila mjadala. Zitoe chaji kwanza kwa risista ya ohmu mia hadi elfu moja, si kwa bisibisi. Kwenye mashine yenye transfoma ya chuma utakuta kama mikrofaradi 2,200 au 4,700 za volti 25 au 35. Weka kiasi kilekile au zaidi kidogo, volti zilezile au zaidi, na chagua zilizoandikwa 105°C. Mstari ubavuni ni upande wa hasi. Ukikuta badala yake saketi ndogo isiyo na transfoma nzito na kapasita ya volti 400, funga boksi. Ile hubeba karibu volti 325, na haimsamehe anayejifunzia juu yake.

Pima daiodi zote nne. Moja ikikatika, mawimbi 100 huwa 50 na kapasita mpya hazitaweza kuyatuliza.

Kabla ya kuirudisha ukutani, unga balbu ya wati 60 kwa mfululizo na waya wa laini, iwe ile ya zamani yenye uzi ndani, si LED. Washa. Ikimulika mara moja kisha ikafifia, kapasita zimejaa na hakuna shoti. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, utafute ulipogeuza chanya na hasi.